Mzee anataka "ile ile ya mwaka jana", na daktari wake wa moyo katoka kwenye plani

Anti shikamoo,

Naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika na siku zinazidi kuyoyoma. Nipo Houston, Texas, naishi na Mzee wangu, ana miaka 71, aliingia huku miaka ya tisini kwa ile bahati nasibu ya greencard, akapiga kazi mpaka akastaafu, sa hivi ni raia na ana Medicare yake, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Alipofika 65, mwaka 2019, kuna ajenti alimwandikisha kwenye Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi) ya dola sifuri na toka siku hiyo hajawahi kubadili kitu. Kila mwaka nikimuuliza ananijibu "ile ile ya mwaka jana, mama, mbona inafanya kazi."

Sasa mwezi wa tisa mwaka huu wa 2025 ilikuja bahasha nene kutoka kwenye hiyo plani, Mzee akaitupia kwenye droo ya jikoni pamoja na kuponi za pizza na risiti za kutuma hela nyumbani, mi nimeiona juzi tu nikitafuta mkasi. Nikaisoma yote usiku niliporudi shifti. Dawa zake za gharama ni mbili, Eliquis ya moyo (mapigo yake hayaendi sawa) na Jardiance ya sukari. Mwaka huu analipa dola 47 kila moja kwa mwezi. Mwakani wameandika atalipa asilimia 25, na kabla hawajaanza kuchangia lazima atoe kwanza dola 420 mfukoni, kitu ambacho mwaka huu hakikuwepo kabisa. Metformin na lisinopril zinabaki bure. Halafu kliniki ya daktari wake wa moyo nayo imetuma barua yake, kuanzia tarehe 1 Januari hawapokei tena hiyo plani. Huyo daktari ndo alimhangaikia alivyolazwa 2022 na Mzee hataki kusikia jina la mwingine.

Wakati huo huo kuna ajenti, mtu wa kwetu kabisa, tunaonana naye kwenye misiba na harusi, anampigia Mzee kila wiki amhamishie plani yenye kadi ya grosari na meno. Mzee kashaanza kulainika kwa sababu ya meno. Nesi ninayefanya naye kazi ananiambia mtoe haraka huko Advantage arudi Medicare ya kawaida ya serikali, aongeze Medigap, bima ya pembeni ya kuziba matundu yake. Kaka yangu yupo Dar yeye anasema hiyo Part B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari) wanayomkata mwaka huu dola 185 kila mwezi ifutwe, Mzee arudi zake, atamkatia bima huko huko.

Na kitu kingine, Mzee kila mwaka anaenda Tanga Desemba anarudi Aprili, tiketi ya mwaka huu ni tarehe 5 Desemba. Pensheni yake ya Social Security ni dola 1,430 kabla ya makato, benki ana kama elfu nne, na ana kiwanja Pongwe hakijajengwa.

Nimfuate nani Anti? Na tukiacha tu ile ile kuna ubaya gani?

Binti Mzee, Houston

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuisoma hiyo bahasha, wengi inaishia kwenye droo mpaka Februari wanapokabwa kaunta ya famasi ndo simu zinaanza kupigwa.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndo lenye mzigo. "Ile ile" haipo. Advantage ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja kama pango la nyumba, jina la plani linabaki na kadi inaweza kubaki lakini kila Januari kampuni inaruhusiwa kubadili orodha ya dawa, madaktari na bei, na kwa sheria inatakiwa ikutumie hayo mabadiliko kabla mwezi wa tisa haujaisha, ndo hiyo bahasha. Mkinyamaza mpaka tarehe 7 Desemba, mwisho wa kubadili plani, ipite, Mzee anahesabiwa kakubali kila kilichoandikwa mle. Na mwaka huu tarehe 7 ni Jumapili, katikati kuna sikukuu ya Thanksgiving ya tarehe 27 Novemba ofisi zimefungwa, na Mzee anapanda ndege tarehe 5. Kwaiyo muda wenu halisi ni mdogo kuliko kalenda inavyosema.

Tupige hesabu ya dawa kwanza. Mwaka huu ni 47 mara mbili, 94 kwa mwezi, kwa mwaka 1,128. Mwakani kuna kitu kizuri kidogo, serikali ilijadiliana bei za dawa kumi na bei mpya zinaanza Januari 2026 kwa watu wa Medicare, na hizo mbili za Mzee zote zimo: Eliquis ya mwezi inakuwa dola 231 na Jardiance 197. Jumla 428. Kwaiyo Januari ile 420 ya kutoa kwanza inaliwa yote kwa mkupuo mmoja, halafu kila mwezi unaofuata ni asilimia 25, kama dola 107. Ukijumlisha mwaka mzima unakaribia 1,600. Ndo gharama ya "ile ile" hiyo, karibu dola 470 zaidi, na bado hujamgusa daktari wa moyo. (Kuna ukomo, 2026 hakuna mtu wa Medicare anayelipa zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka kwa dawa zilizomo kwenye plani yake, na mnaweza kuomba plani iwagawie malipo kidogo kidogo kila mwezi bila riba ili Januari isiwakabe. Lakini ukomo sio bei nafuu.)

Sasa nesi wako. Hajakosea, Medigap ni kitu kizuri, ila kakurukisha hatua. Medicare ya kawaida peke yake inakuachia asilimia 20 ya bili za madaktari na haina ukomo, yaani mtu akifanyiwa kitu kikubwa hiyo 20 inaweza kukimbia mpaka mahali pabaya, na akilazwa 2026 kuna dola 1,736 za kutoa kwanza. Medigap ndo inaziba hayo matundu na daktari yeyote anayepokea Medicare unamwendea bila kuomba ruhusa ya mtu. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Mzee alikuwa na miezi sita tangu Part B yake ilipoanza akiwa na 65, kampuni yoyote ya Medigap ilikuwa lazima imchukue hata angekuwa anaumwa nini. Pia mtu aliyeingia Advantage moja kwa moja alipofika 65 anapewa miezi 12 ya kujaribu, asipoipenda anatoka na kununua Medigap bila maswali. Vyote vilishapita. Na hiyo Oktoba 15 mpaka Desemba 7 watu wanayoisikia kila siku ni ya Advantage na plani za dawa, haifungui mlango wa Medigap, wengi wanachanganya hapo. Kwa Texas sa hivi kampuni inaruhusiwa kumuuliza afya yake na kumkataa, na mtu mwenye sukari, moyo na dawa ya kuzuia damu isigande asishangae akikataliwa. Angekuwa anaishi New York au Connecticut ningekuambia kitu kingine.

Kwaiyo ombeni, kuomba hakuna dhambi, ila NAKUOMBA usimtoe Mzee kwenye Advantage kabla hamjashika mkononi barua ya Medigap inayosema amekubaliwa. Ukitangulia kumtoa halafu wakamkataa, umemwacha na ile 20 isiyo na ukomo pamoja na moyo wake.

Wakikataa, na mi nahisi watakataa, kazi yenu inabaki ni kumtafutia Advantage nyingine inayomfaa. Anzia kwa daktari wa moyo sio kwenye orodha ya plani. Piga kliniki, usiulize "mnapokea Medicare?" maana dada wa mapokezi atakujibu ndio na wala hajadanganya. Uliza "kuanzia Januari 2026 mnapokea plani zipi za Advantage, nitajieni jina zima na namba yake", kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na plani tano na daktari yupo kwenye mbili tu. Andika jina la uliyeongea naye na tarehe. Ukipata majina ndo uingie medicare.gov, weka zipu kodi yenu, weka dawa zote nne na miligramu zake kama zilivyoandikwa kwenye kichupa, weka famasi mnayoitumia, kisha panga kwa jumla ya gharama ya mwaka. Usiangalie premiamu, yaani malipo ya plani ya kila mwezi. Hiyo "dola sifuri" imewaloga watu wengi, wakati Part B inaendelea kukatwa kwenye pensheni vile vile, mwakani, 2026, inapanda kutoka 185 hadi dola 202.90, uwe na plani ya sifuri usiwe nayo. Angalia na ukomo wa mwaka wa matibabu, kwa sheria ndani ya netiweki (madaktari waliosaini na plani) hauwezi kuzidi dola 9,250 kwa 2026 ila plani nyingi zinaweka chini ya hapo, na tofauti ya elfu tatu nne sio mchezo.

Huyo ajenti wenu simsemi vibaya simjui, na wapo maajenti wanaojua kazi. Ila kampuni ndo inamlipa kwa kila anayemwandikisha, na anauza plani za kampuni alizosaini nazo tu, sio zote zilizopo Houston. Mwambie hivi: "nionyeshe daktari wa moyo wa Mzee na Eliquis kwenye hiyo plani kwa 2026", akikujibu kwa habari ya kadi ya grosari ujue umeshapata jibu. Hiyo kadi ya chakula sio ya kila mtu, ni kwa wenye magonjwa sugu wanaotimiza masharti, Mzee labda anatimiza labda hapana. Meno ni hitaji la kweli, mzee asiyetafuna vizuri anateseka na sukari nayo inamsumbua, nakubali, lakini uliza wanalipa mpaka dola ngapi kwa mwaka na daktari gani wa meno, maana neno "meno" kwenye tangazo linaweza kuwa kusafishwa mara mbili basi. Na mtu asiyemjua akimpigia simu kumwomba namba ya kadi ya Medicare, akate. Sheria hairuhusu ajenti kumpigia ambaye hakuomba kupigiwa, wala kuja kugonga mlango bila miadi.

Tanga. Hapa watu wetu wengi tunajisahau. Medicare ya kawaida haimlipii Mzee hospitali Tanga, wala Dar, wala Nairobi. Medigap aina ya G au N zinachangia dharura ya nje, asilimia 80 baada ya yeye kutoa dola 250, mwisho wake elfu 50 kwa maisha yake yote, na ni kwa siku 60 za mwanzo za safari tu, wakati Mzee anakaa miezi minne. Baadhi ya Advantage zinalipa dharura popote duniani, utaratibu wake ni kwamba unalipa mwenyewe kwanza halafu unadai ukirudi, kwaiyo mwenyeji wake Tanga ajue hakuna kutupa risiti, na risiti iandikwe ugonjwa na tarehe sio "matibabu" tu. Hicho kitu kitafuteni kwenye kitabu cha plani kabla ya kusaini. Isipokuwepo au ikiwa kiduchu, mkatieni bima ya safari na msome wanasemaje kuhusu magonjwa aliyokuwa nayo tayari. Na muda pia, akikaa nje ya eneo la plani zaidi ya miezi sita mfululizo plani nyingi zinamtoa. Desemba mpaka Aprili yupo salama, ila asije akanogewa akasubiri mpaka mavuno.

Dawa za safari zichukueni SASA kabla hajaondoka, za miezi mitatu, kwa bei ya mwaka huu ya 47. Famasi ikisema ni mapema mno kujaza tena, pigieni plani muombe ruhusa ya safari, wengi wanayo lakini hawakupi usipoomba. Dawa atakazonunua Tanga plani haitarudisha hata senti. Ukifanya hivyo ile Januari ya dola 420 inasogea mbele, na hapo huenda mambo yameshabadilika kwa sababu ya hiki ninachokuja kukwambia.

Mdogo wangu, umeniandikia pensheni ya Mzee mwishoni kabisa kana kwamba ni jambo dogo. Dola 1,430 kwa mwezi ni 17,160 kwa mwaka. Kuna msaada unaitwa Extra Help, wa dawa, kwa mwaka huu wa 2025 mtu anayeishi bila mwenza mwisho wa kipato ni 23,475 na mwisho wa mali ni 17,600. Akiupata, 2026 dawa kama Eliquis haizidi dola 12.65 kwa mwezi na ile 420 haimhusu. Mara mbili, mara miezi kumi na mbili, unapata kama 304 kwa mwaka badala ya 1,600!! Halafu kuna Medicare Savings Programs za jimbo, kwa kipato chake anaangukia kwenye zile zinazomlipia Part B yote, yaani hiyo 202.90 inabaki kwenye pensheni yake kila mwezi, na akipata huo msaada wa jimbo, Extra Help inakuja yenyewe bila kuomba tena. Huko mali mwisho wake kwa mwaka huu wa 2025 ni 9,660. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Kiwanja cha Pongwe kinahesabiwa, maana sio anapoishi, kwaiyo tafuteni thamani yake ya kweli na mkiandike, msikifiche eti kipo mbali, fomu inasainiwa kwa kiapo. Ukijumlisha na elfu nne za benki ndo mtajua anaingia kwenye ipi. Fomu ya Extra Help ni SSA-1020, mnajaza kwa mtandao au ofisi ya Social Security, na haina msimu, hata kesho.

Ni watu wengi mno kwenye jamii yetu wana haki ya hivi vitu na hawajawahi kuomba, wengine wanaona aibu wanasema ni vya maskini. Mzee kakatwa kodi ya Medicare kwenye kila cheki kwa miaka yote hiyo, aibu ya nini.

Kaka yako wa Dar ana nia nzuri na amkatie hiyo bima ya Tanga kama anaweza, itasaidia hiyo miezi minne. Lakini Part B msiiguse. Mzee akiifuta, siku akitaka kurudi kutibiwa moyo Houston atasubiri kipindi cha Januari mpaka Machi kujiandikisha upya, na kwa kila miezi 12 aliyokaa bila hiyo Part B wanamwongezea asilimia 10 ya premiamu, na nyongeza hiyo haifutiki, anakwenda nayo mpaka mwisho.

Kwa upande wa nani akushike mkono, Texas kuna washauri wa mambo ya Medicare wanaitwa HICAP, ni bure na hawauzi plani yoyote. Simu ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227, mwambie anayepokea mnahitaji mkalimani wa Kiswahili, ni bure pia, mtasubiri dakika kadhaa kwenye laini. Mzee mwenyewe awepo karibu na simu, wewe huwezi kumbadilishia plani kwa jina lake bila yeye kukubali kwa mdomo wake au kukupa mamlaka kwa maandishi. Fanyeni siku ambayo huna shifti ya usiku, mkiwa na kadi yake, vichupa vya dawa na ile bahasha mezani.

Na kama mtachagua halafu Januari mkagundua mmekosea, mtu aliyepo kwenye Advantage anaruhusiwa kubadili mara moja kati ya Januari 1 na Machi 31. Mzee atakuwa Tanga muda huo wote, kwaiyo hayo mamlaka ya maandishi yasainiwe kabla ya tarehe 5, na uyaskani uwe nayo kwenye simu yako.